Niliambiwa Nina Saratani, Nikaambiwa Nisubiri

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, maisha yakanileta London. Huku Uingereza, mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hupata saratani ya tezi dume maishani mwake. Kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Kwa hiyo PSA yangu, protini ya tezi dume, ilipopanda kwenye kipimo cha damu, nilipelekwa upesi kupigwa picha za MRI.

Picha zangu zilisomwa na daktari, na pia na programu ya kompyuta iliyokuwa kwenye majaribio. Programu za namna hiyo hufunzwa kwa maelfu ya picha za wagonjwa ambao majibu yao ya maabara yanajulikana, mpaka zitambue dalili za uvimbe mkali na za uvimbe mpole. Iliyosoma picha zangu ilipaka rangi doa moja tu, ikalipa alama ndogo. Daktari naye alilipa alama 3 kati ya 5 za shaka. Sindano ikaelekezwa kwenye doa hilo kuchukua vinyama, maabara ikatoa neno la mwisho: saratani, Gleason 6, daraja la chini kabisa.

Mtihani wangu ukaanzia hapo, maana daktari alishauri tusikate, tufuatilie tu. Kaka yangu alipiga simu kutoka Tanga: “Mdogo wangu, nyoka haachwi chumbani. Atolewe!” Usingizi ukanipotea. Kila maumivu ya kiuno niliyaona ni saratani inatambaa.

Kilichonituliza ni utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT, uliofuatilia wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume. Baada ya miaka 15, waliouawa na saratani hiyo walikuwa takriban 3 kati ya 100, na tofauti kati ya waliopasuliwa, waliochomwa mionzi na waliofuatiliwa tu ilikuwa ndogo. Upasuaji nao una gharama yake: mkojo kuvuja, nguvu za kiume kupungua. Mke wangu akasema, “Baba watoto, kama haina haraka, sisi twaharakia nini?”

Sasa napima PSA kwa ratiba, na MRI mpya hulinganishwa na ya zamani. Doa halijakua. Likibadilika, nitatibiwa, nami nimekubali hivyo.

Ndugu zangu, ukifika miaka 45 zungumza na daktari kuhusu tezi dume. Ukiambiwa una saratani, usikimbilie kisu wala kukata tamaa. Uliza kwanza ina ukali gani.