Motokaa Kuukuu na Vijana wa Kolwezi

Msafiri atokaye Likasi kwenda magharibi hupita Fungurume, huvuka mto Lualaba, kisha huwasili Kolwezi, mji ulio katika nchi ya juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko huona vilima visivyoumbwa na mvua wala upepo: ni udongo na mawe yaliyotolewa mashimoni. Hii ndiyo nchi ya shaba. Hata jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na tangu 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba.

Wazee wa nchi hii hawakungoja mgeni awafundishe madini. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha mawe, wakaimimina shaba katika umbo la msalaba. Na misalaba hiyo ilikuwa fedha yao ya biashara. Mafundi hao walijulikana kwa jina la "walaji wa shaba". Baadaye kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilichimba kwa mitambo, na tangu 1967 mali yake ikawa mikononi mwa kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines. Leo yapo makampuni ya mataifa mengi, pamoja na maelfu ya wachimbaji wa mikono.

Tofauti moja yatupasa kuitazama. Mzee wa kale aliuza kitu alichokifanya kwa ujuzi wake. Kijana wa leo huuza jiwe tu. Sheria ya madini ya Kongo haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuchimba, lakini wapo wanaoacha daftari na kufuata shimo, kwa sababu ya njaa au ya kukosa ada. Shimo likiporomoka, halimwulizi mtu umri wake. Tukimwambia kijana, "Usiende," yatupasa kumwonyesha pa kwenda.

Twapendekeza jambo dogo. Si vigumu katika miji ya machimbo kukuta motokaa kuukuu iliyoinuliwa juu ya matofali, kuku wakitaga ndani yake. Tuseme ni Peugeot 404, ya aina iliyotengenezwa Ufaransa tangu 1960 hadi 1975. Motokaa kama hiyo ni mwalimu mwema, maana haifichi kitu. Haina kompyuta. Kijana akifunua boneti huona kwa macho yake pale petroli ichanganyikapo na hewa katika kabureta, na jinsi cheche izaliwavyo kwenye ncha mbili za chuma, zilizoachana nafasi isiyofika milimita moja.

Tena ataikuta shaba ya kwao. Imo katika nyaya zote, imo katika dinamo na stata. Hata rejeta za zamani zilifanywa kwa shaba, nazo zikitoboka zaweza kulehemiwa. Ataelewa pia kwa nini dunia yaikimbilia Kolwezi: motokaa za umeme zahitaji shaba nyingi kuliko za petroli, na betri za nyingi kati yake zatumia kobalti, ambayo zaidi ya nusu yake duniani hutoka Kongo.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kwanza mapatano na mwenye motokaa yaandikwe: ni ya nani, nani atalipa vipuri, na ikiuzwa fedha zitagawanywaje. Pili, fundi mzee mmoja aongoze vijana watano au sita, wasizidi. Tatu, kila kinachofunguliwa kichorwe daftarini, na bolti zake zitiwe katika kopo lenye jina; maana kufungua ni kazi ya siku moja, kufunga ni kazi ya miezi. Petroli ya zamani imwagwe mbali na moto. Breki zitengenezwe kabla ya injini kuwashwa. Na vumbi la breki za kale lisipulizwe, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa huenda lina asbesto idhuruyo mapafu. Mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ahakikishe kwanza uvungu hautamwangukia.

Kipuri kisipopatikana, hapo ndipo shule yaanza. Kijana atapima, atakata, atapiga tupa, atakosea, atarudia. Akisugua kutu kwa msasa juma zima atajifunza saburi ambayo hakuna hotuba iwezayo kumpa. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, walilijua jambo hili: walifungua shule za ufundi, wakampa kijana spana na randa pamoja na kitabu.

Hatudai kwamba motokaa moja itawatoa vijana wote mashimoni. Itawatoa watano, au sita. Nao wakiisha kuijua ile, wataweza kutengeneza lori la jirani, pampu ya kisima na mashine ya kusaga mahindi. Jiwe likiuzwa limekwenda, na shimo lina mwisho wake. Ujuzi hauzeeki.