TUMFAHAMU PAKA KABLA YA KUMDHANIA



  

 Mwaka huu sisi wanafunzi wa darasa la juu tumechagua kuandika juu ya mnyama aliyemo katika nyumba nyingi za hapa Namtumbo, naye ni paka. Huenda baadhi yenu mkacheka na kusema, wenzao wameandika juu ya swala na funga, hawa wanatuletea habari za paka! Tunawaomba mtusome hadi mwisho, kwani katika mtaa wetu jambo la paka lilikaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi.

KILICHOTOKEA MTAANI

Jirani na madrasa yetu anaishi mzee wetu mmoja, mama mjane, ambaye sote tunamwita Bibi. Bibi ana paka jike mweusi. Wakati wa mavuno ya mahindi paka yule alianza kuacha panya waliokufa kwenye kizingiti cha nyumba ya pili. Siku ya kwanza panya mmoja, siku ya pili mmoja, siku ya tatu wawili. Bahati mbaya katika nyumba ile mlikuwa na mtoto mwenye homa kali.

Basi maneno yakaanza. Mmoja alisema paka yule ametumwa. Mwingine alisema macho yake huwaka usiku kama taa. Wa tatu akaongeza kuwa amemwona akiutazama ukuta mtupu muda mrefu, kana kwamba anazungumza na mtu asiyeonekana. Vijana wakaokota mawe. Baya zaidi, baadhi ya watu waliacha kumwamkia Bibi, na watoto waliokuwa wakimchotea maji wakakatazwa kwenda kwake.

Mtoto alipelekwa zahanati, akapimwa damu, akaonekana ana malaria. Alipewa dawa akapona, Alhamdulillah. Lakini yale maneno hayakupona pamoja naye.

Ustadh wetu alipoyasikia hakutugombeza. Alitupa kazi. Alisema kila mmoja wetu amtazame paka wa nyumbani kwao kwa muda wa mwezi mmoja, kisha aje aeleze. Akatuwekea sharti moja tu: "Semeni mlichokiona, msiseme mlichosikia." Pia tusome waliyoandika wataalamu wa wanyama. Haya ndiyo tuliyoyapata.

KWA NINI HULETA PANYA?

Namtumbo ni wilaya ya wakulima tangu ilipokuwa sehemu ya Songea, kabla ya kuwa wilaya mwaka 2002. Penye mahindi pana panya. Panya shamba ndiye anayewasumbua zaidi wakulima wa Tanzania, na baada ya mavuno wengi hufuata nafaka ndani ya vihenge na magunia. Kwa hiyo msimu ambao Bibi alisemwa vibaya ndio msimu ambao kila paka mtaani alikuwa na kazi nyingi.

Wengine wetu tuliuliza: paka aliyeshiba ugali na dagaa anawinda kwa nini? Wahenga walikwisha kujibu waliposema, "Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya." Wataalamu wanatuambia kuwa kwa paka kuwinda na kula ni mambo mawili mbalimbali. Akisikia panya anakwaruza atamfuata hata kama tumbo limejaa. Akisha kumkamata humchukua hadi mahali anapopaona pa salama, na kwa paka wa kufugwa mahali hapo ni nyumbani kwenu. Paka jike mwenye watoto ana sababu kubwa zaidi. Huwaletea watoto wake panya aliyekufa, wakikua kidogo huwaletea aliye hai bado, ili wajifunze kuwinda. Wataalamu wengi hudhani kuwa hata panya anayewekwa mbele ya mtu hutokana na tabia hiyohiyo. Hamtishi mtu. Anamfanya kama mmoja wa jamaa zake.

Mmoja wetu alilala kifudifudi akamulika tochi chini ya kihenge cha ile nyumba ya pili. Ndani yake mlikuwa na watoto watatu wa paka, wameshafungua macho, wamelala juu ya mabua makavu. Kizingiti kile kilikuwa njia ya mama kuwaendea wanawe. Habari hiyo ilipelekwa kwa mama wa nyumba naye akaja kuangalia mwenyewe. Siku ya pili yake alimpelekea Bibi bakuli la maharage mabichi na kumwamkia. Si wote waliofanya kama yeye, lakini mlango ulifunguka.

MACHO YANAYOWAKA NA UKUTA MTUPU

Nyuma ya jicho la paka Mwenyezi Mungu ameweka utando unaorudisha mwanga kama kioo. Mwanga kidogo unaoingia hupita mara mbili, na hivyo paka huona mahali ambapo sisi tunapapasa. Ukimmulika tochi, mwanga unaorudi ndio unaouona uking'aa. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wanao utando huohuo. Mmulikeni mbuzi wenu usiku mtaona, wala hakuna anayesema kuwa mbuzi wa babu ametumwa.

Ama ukuta, jibu liko masikioni. Sikio la mwanadamu mzima husikia sauti hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Paka husikia zaidi ya 60,000. Panya hulia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, na kuta zetu za udongo na mapaa yetu ya nyasi yana panya tele. Paka anapotulia akiutazama ukuta, masikio yakigeuka huku na huku, anamsikiliza panya. Tulimtega panya mmoja mahali hasa alipokuwa akitazama paka wa mwenzetu, na usiku huohuo tukampata.

TABIA NYINGINE TULIZOZIONA

Paka hujisugua shavu na ubavu kwenye miguu yetu. Katika mashavu, paji la uso na mkia wake mna tezi zenye harufu. Sisi hatuisikii, lakini kwake ni alama ya jamaa na nyumba. Akija na mkia umesimama wima, hiyo ndiyo salamu yake.

Wakati mwingine hupanda mapajani akakanda kwa miguu ya mbele kama mtu anayekanda unga wa chapati. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya mchanga, akibonyeza titi la mama yake ili maziwa yatoke. Akikukanda, ametulia kwako kama alivyotulia kwa mama yake. Sauti ile ya kukoroma kooni mara nyingi ni ya raha, lakini paka mgonjwa au aliyeumia naye hukoroma. Kwa hiyo mtazameni hali yake yote, msisikilize koo peke yake.

Wengi wetu tuliona kuwa paka huamka na kulia karibu na adhana ya Alfajiri. Hii ni kwa sababu windo lake kubwa huwa alfajiri na jioni, kama paka pori wa Afrika ambaye ndiye asili yake, na ambaye bado yumo katika mapori ya nchi yetu. Jambo la ajabu ni kwamba paka wazima ni nadra kuitana kwa mlio wa nyau. Mlio ule ni wa watoto kwa mama, na paka mkubwa huendelea kuutumia kwa wanadamu. Mama wa mwenzetu mmoja anasema paka wake hajamwacha apitwe na swala ya Alfajiri tangu Ramadhani iliyopita.

Akikutazama kisha akafumba macho polepole, nawe mfumbie polepole. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth huko Uingereza walionyesha kuwa paka hufumba zaidi anapofumbiwa hivyo, na humkaribia hata mgeni anayefanya hivyo. Tulijaribu, na paka wengi walitujibu.

Wahenga walisema pia, "Paka hakubali kulala chali." Tumbo ni mahali pake pa hatari. Akilala chali mbele yako amekuamini, lakini hajakuambia umshike tumbo! Wadogo zetu wengi wamekwaruzwa hapa. Vilevile akipapaswa muda mrefu, mkia ukaanza kupigapiga na masikio yakalala nyuma, anasema inatosha. Asiposikilizwa ndipo huuma.

Wapo wasemao kuwa paka anapenda chakula tu wala hana mapenzi na mtu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliwaweka paka wachanga katika chumba kigeni pamoja na walezi wao, mlezi akatoka dakika mbili kisha akarudi. Kiasi cha 64 katika kila 100 walitulia mlezi aliporudi, wakaendelea kuchunguza chumba kama afanyavyo mtoto anayemtegemea mzazi wake.

DINI YETU INASEMAJE?

Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'aam aya ya 38, inatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Umma una desturi zake, na asiyezijua desturi za watu huwadhania vibaya.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, mpaka akafa. Na imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo kwamba Swahaba Abu Qatada (R.A.) aliandaliwa maji ya kutawadha, akaja paka, naye akamwinamishia chombo akanywa. Mkwe wake Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Lakini paka mwenye damu ya panya mdomoni lina hukumu yake, na hapo tuwaulize waalimu wetu. Naye Abu Huraira (R.A.), aliyepokea hadithi nyingi kuliko Maswahaba wote, alipata jina hilo kwa sababu ya kipaka alichokuwa akicheza nacho alipokuwa akichunga kondoo wa watu wake.

Hapa tuwe waangalifu. Kisa mashuhuri cha Mtume (S.A.W.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Na maneno yasemayo kuwa kupenda paka ni katika imani, wanazuoni wameyahesabu kuwa ni ya kuzushiwa. Tumpende paka kwa yale yaliyothibiti, yanatosha.

Ama dhana, Suratul Hujuraat aya ya 12 inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Mtume (S.A.W.) naye amekanusha mambo ya mikosi. Wasomaji wetu msidhani hili ni jambo dogo. Katika nchi yetu hii, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho yao mekundu, nayo macho yaliiva kwa moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu zao. Leo ni macho ya paka, kesho ni macho ya bibi aliyemfuga. Jiwe linaloanza kwa mnyama haliishii kwa mnyama.

NASAHA ZETU

1. Tusimpige paka wala kumfungia bila chakula na maji. Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa."

2. Tukiweka sumu ya panya tujue kuwa paka anayekula panya huyo naye huweza kufa. Bora mtego, na nafaka ihifadhiwe vizuri.

3. Panya aliyeletwa asishikwe kwa mkono mtupu. Azolewe kwa jembe na kufukiwa, kisha tunawe kwa sabuni.

4. Paka aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate na kuuma bila kuchokozwa, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo huwapata paka pia. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Asisubiri, wala asiende kwa mganga.

5. Tukiona jambo la mnyama tusilolifahamu, tulitazame kwanza na kuuliza wenye ujuzi, kabla ya kulitia jina la mtu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, atuepushe na dhana mbaya, na atujaalie kuwa majirani wema kwa wazee wetu na wenye huruma kwa viumbe vyake. Aamin.