Joto la Kaskazi na Ufunguo wa Kisima



Ufikapo mwezi wa Februari, sisi watu wa Unguja hatuna mazungumzo ila joto. Upepo wa kaskazi huanza kulegea, masika bado, na mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vyetu. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walilijua hilo. Kuta walizifanya nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Vichochoro wakavibana ili nyumba moja iitie kivuli ya pili. Na katikati wakaacha uwa, hewa ya moto ipande na kutoka. Aliyemo humo hupata nafuu asiyoipata aliye chini ya bati huko Ng'ambo.

Lakini ukuta mnene haumfundishi mtu ukarimu. Mnamo Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, usirudi mpaka Machi 2010. Joto lote la kaskazi lilitukuta bila ya feni, na maji ya mfereji yakawa adimu. Nyumbani kwetu tuna kisima cha kale, uani. Majirani wakaja na ndoo zao, tangu alfajiri mpaka usiku. Mwanzo niliwapokea kwa bashasha. Wiki ya tatu nikachoka: mlango haufungwi, uwa umejaa matope, usingizi wa mchana hakuna. Nikakitia kufuli kifuniko cha kisima, na kila aliyebisha hodi nikamwambia maji yamepungua. Nilisema uwongo, msomaji. Maji yalikuwa tele.

Mama hakunigombeza. Nilipoomba maji ya kunywa, aliteka kata mtungini, akaishika mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, kisima hiki ulikichimba wewe?"

Sikuwa na jibu. Kilichimbwa na watu ambao hata majina yao hatuyajui. Nikampa ufunguo, na kufuli halikurudi tena.

Sote tumesomeshwa chuoni habari ya Saad bin Ubada, aliyemwuliza Bwana Mtume (S.A.W.) sadaka iliyo bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki. Akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima. Mimi niliisoma habari hiyo; sikuifuata.

Basi, msomaji, joto hurudi kila mwaka. Likija, tazama nje ya mlango wako: yupo hamali na gari lake, yupo mtoto atokaye chuoni. Weka mtungi na kata barazani, wala usingoje kuombwa.