Ritifaa ya Ng'ang'a

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Leo nawaletea kisa cha alama moja ndogo iliyonitoa jasho hapa Riruta Satellite.

Januari 2024, shule zikikaribia kufunguliwa, chama kimoja cha akina mama huko Kawangware kilikuwa kikitoa mikopo ya karo. Mfumo wa kumbukumbu zao niliuandika mimi. Mama mmoja akafika mezani na kitabu chake cha akiba, mhazini akaandika jina lake, kompyuta ikajibu: "Hakuna mwanachama." Mama akanigeukia: "Kijana wangu, miaka hii yote nimekuwa nikimwekea nani pesa?"

Nilikosa la kusema. Jina la baba yake ni Ng'ang'a.

Hifadhidata ni MySQL, na kazi ya kutafuta hufanywa na prosija iliyohifadhiwa humo humo. Programu yangu ilipeleka majina kwa njia salama, kama parameta, ndiyo maana usajili wake ulipita bila shida. Kosa lilikuwa ndani ya prosija. Kwa kuwa mhazini hutafuta kwa jina, simu au kitambulisho, nilikuwa naunganisha maandishi ya SQL kisha nayatekeleza:

SET @s = CONCAT('SELECT * FROM wanachama WHERE ', p_safu, ' = ''', p_neno, '''');

Kwa Wanjiku, hakuna neno. Kwa Ng'ang'a, tunapata hivi:

WHERE jina = 'Ng'ang'a'

Katika SQL, ritifaa hufungua na kufunga maandishi. Hifadhidata inasoma 'Ng', inadhani jina limeisha, kisha inakutana na "ang" isiyoijua. Mlango huo huo ndio wadukuzi huutumia kuingiza amri zao. Mbaya zaidi, nilikuwa nimeweka CONTINUE HANDLER FOR SQLEXCEPTION isiyofanya lolote, kwa hiyo kila hitilafu ilimezwa kimya kimya.

Wazo la kwanza: futa ritifaa, andika Nganga. Hapana! Ng' na ng ni sauti mbili. Kung'oa si kulia ngoa. Tena kitambulisho cha mama kinasema Ng'ang'a. Wazo la pili: rudia kila ritifaa mara mbili. Inafanya kazi, lakini maandishi yakipita tabaka mbili utarudia tena, na katika MySQL kuna pia mkwaju wa nyuma wa kuhangaikia. Dawa ni kutoligusa jina kabisa:

SET @s = CONCAT('SELECT * FROM wanachama WHERE ', v_safu, ' = ?');
SET @n = p_neno;
PREPARE q FROM @s;
EXECUTE q USING @n;
DEALLOCATE PREPARE q;

Alama ya kuuliza haiwezi kubeba jina la safu, kwa hiyo v_safu huchaguliwa na CASE yenye safu tatu tu. Ile HANDLER nayo nikaiondoa. Afadhali kosa lipige kelele.

Kesho yake mama alipata mkopo wake. Funzo nililopata: kuwa salama mlangoni hakutoshi ikiwa chumbani unaunganisha maandishi upya. Siku hizi, mwanachama wa kwanza wa majaribio katika kila mfumo ninaouandika ni Wang'ombe wa Lang'ata.

Nawe jaribu jina hilo kwenye mfumo wako usiku wa leo. Tuonane tena!