Peramiho: Mahali pa Kengele na Jembe

Kutoka mji wa Songea, kusini mwa Tanzania, msafiri akishika njia ya magharibi hufika Peramiho baada ya kilometa kama 24. Nchi ni ya vilima na mahindi, nayo ni nchi ya Wangoni. Kwanza ataona minara ya kanisa kubwa, lililomalizwa kujengwa mwaka 1948. Kisha ataona hospitali ya Mtakatifu Yosefu, shule ya ufundi, karakana za maseremala na mafundi chuma, kiwanda cha kupiga chapa, na mashamba. Huenda msomaji amekwisha kulisoma jina la mahali hapa bila kujua lilipo, kwa kuwa vitabu vingi vya Kiswahili, vya dini na vya elimu, vina maneno “Ndanda–Peramiho” katika ukurasa wa kwanza.

Wenyeji wa nyumba hii ni watawa wa Mtakatifu Benedikto. Benedikto alikuwa Mwitalia, aliyezaliwa Nursia karibu na mwaka 480. Katika mlima wa Monte Cassino aliandika Kanuni ya maisha yenye sura 73, nayo ndiyo inayofuatwa hata leo. Mtu akiifungua kwa kutazamia mafumbo ya mbinguni atashangaa, maana sehemu kubwa ya kitabu hicho ni habari za jiko, nguo, vitanda, majembe, na wageni wanaobisha hodi wakati usiofaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kimedumu karne kumi na tano.

Tuchukue habari ya zana. Benedikto aliagiza kwamba mkubwa wa nyumba awe na orodha ya vyombo vyote anavyowapa ndugu zake, apate kujua alichotoa na alichorudishiwa. Karani yeyote aliyepata kutunza stoo ataona hekima ya jambo hilo. Tena alimtaka mtunza ghala avihesabu vyombo vyote vya nyumba, hata jembe na ndoo, kuwa sawa na vyombo vitakatifu vya altare. Neno hilo ni zito kuliko lionekanavyo. Jembe lililoachwa kondeni likanyeshewa na mvua si hasara ya shilingi tu. Kwa Mbenediktini ni kosa la namna moja na kuangusha kikombe cha misa.

Habari ya jiko ni vivyo hivyo. Ndugu hupokezana zamu ya juma zima kuwapikia na kuwahudumia wenzao, na yule amalizaye zamu yake siku ya Jumamosi hufua vitambaa, huosha miguu ya wenzake pamoja na yule anayeingia zamu, na kurudisha vyombo vikiwa safi na vizima. Katika nchi zetu mwanamume anayeosha sufuria huchekwa na majirani. Kanuni haikumwachilia mtu kwa sababu ya ukubwa wake. Wagonjwa tu, na wale wenye shughuli nzito, ndio walioondolewa.

Yako mambo mengine ambayo mkulima mwenye familia angeweza kuyatumia bila kuvaa kanzu nyeusi. Likitokea jambo kubwa, abati, yaani baba wa watawa, lazima awaite ndugu wote na kusikiliza shauri la kila mmoja, wala asiwapite vijana, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema. Wazee wa baraza wangapi wamewahi kumwuliza kijana habari ya kugawa shamba? Vitu vya mafundi navyo viuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya sokoni, ili choyo kisiingie. Lakini kosa ambalo Benedikto analikemea tena na tena ni manung’uniko. Huchukia kuliko yote yule mtu atendaye kazi aliyoamriwa huku moyo wake ukigugumia. Aliyefanya kazi katika ofisi yenye watu kumi anamfahamu mtu huyo vizuri.

Katika siku ya Peramiho kengele ndiyo mtawala. Ikilia, fundi huweka chini randa, na mwenye kuandika huiacha herufi ilipofika, wakaenda kanisani kuimba zaburi. Benedikto alipanga zaburi zote 150 ziimbwe katika juma moja. Kisha kila mtu hurudi kazini kwake. Mgeni atokaye mjini huona kana kwamba kazi inakatwakatwa, walakini kanisa lile, hospitali ile na vitabu vile vimefanywa na watu walioacha kazi mara kadhaa kila siku.

Watawa hao huweka nadhiri moja isiyojulikana sana, nayo ni ya kukaa. Mbenediktini huahidi kubaki na jamaa ya nyumba yake hata kufa kwake, na makaburini mtu huona matunda ya nadhiri hiyo: majina ya Kijerumani na ya Kiswisi juu ya udongo wa Ungoni.

Lakini haifai kueleza habari za Peramiho kama kwamba ilianza kwa amani. Watawa wa kwanza walitoka Ujerumani, katika shirika la Mtakatifu Otilia lililoanzishwa mwaka 1884, na Padre Cassian Spiss alianzisha misioni hiyo mwaka 1898 katika nchi ya Nkosi Mputa Gama. Utawala wa Kijerumani ulikuwa umekwisha kuingia. Haukupita muda mrefu kabla padre mmoja wa misioni hajachoma moto nyumba ya mahoka ya Mputa, yaani mahali pa kuwaheshimu wazee waliokufa. Mtu huyo alikuwa amefundishwa kuliheshimu jembe kama chombo cha altare, naye akaiteketeza altare ya jirani yake. Mtu hawezi kusoma sura zile za Kanuni pale Peramiho asiikumbuke nyumba hiyo.

Mwaka 1905 vita vya Majimaji viliwaka. Mwezi wa Agosti, Spiss, ambaye alikuwa amekwisha kuwa askofu, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, walipokuwa njiani kutoka pwani. Peramiho yenyewe ilichomwa. Kisha serikali ya Kijerumani ikalipiza kwa kunyonga watu na kuteketeza vyakula. Mwezi wa Februari mwaka 1906 Mputa alinyongwa mjini Songea pamoja na makumi ya wenzake, nao hukumbukwa kila mwaka katika makumbusho yaliyojengwa huko. Katika nchi zote za Majimaji, wanahistoria hutaja watu waliokufa kwa vita na njaa kuwa si chini ya 75,000, na wengine hutaja hesabu kubwa mara nyingi zaidi.

Watawa walirudi wakajenga tena. Watu wengi waliosalia na njaa waliiendea misioni kutafuta chakula, kitabu na dawa, na wengi wakabatizwa. Mwaka 1931 Peramiho ilifanywa abasia. Hata hivyo kwa muda mrefu nyumba yenyewe ilibaki ya watawa wa Kizungu. Mwafrika aliweza kuwa padre wa kawaida, au fundi katika karakana, bali kiti cha mtawa katika kanisa lile hakuwa nacho. Kwa watu waliofundishwa na Kanuni kwamba mtumwa na muungwana wakae kwa utaratibu mmoja, hilo lilikuwa deni.

Deni hilo lilianza kulipwa Hanga, upande mwingine wa Songea. Huko Abati-Askofu Eberhard Spiess alianzisha mwaka 1957 nyumba ya Wabenediktini Waafrika. Walianza na msitu na majembe, wakaongeza shule na karakana, na mwaka 1994 Hanga nayo ikawa abasia. Siku hizi Waafrika ni watawa Peramiho pia. Huku Kenya watawa wa shirika hilo hilo wana nyumba yao Tigoni, karibu na Limuru, katikati ya mashamba ya chai, nayo si safari ndefu kwa mtu akaaye Nairobi au Kiambu.

Kanuni huagiza kwamba mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, maskini kupita tajiri, na kwamba mlangoni awekwe mzee mwenye busara ajuaye kujibu. Atakaye kulala Peramiho aandike barua mapema, achukue blanketi zito ikiwa ni Juni au Julai, kwa maana baridi ya nyanda zile ni kali, wala asifike jioni kengele inapolia, kwa sababu saa hiyo nyumba yote imo kanisani naye itambidi angoje mpaka zaburi ziishe.