Saa Kumi Huku, Saa Kumi na Mbili Kule

"Mdogo wangu, kama tiketi hujakata, usikate kwanza."

Sauti hiyo ya dada niliipata kwenye WhatsApp Septemba 2022, nikiwa ndani ya basi natoka kazini, kusini mwa London. Yeye yuko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na nyuma ya maneno yake nilisikia mnyororo wa geti ukizungushwa. Hata adhana ya magharibi ilikuwa bado. Mimi na baba watoto tulikuwa tumeshakubaliana kwamba kijana wetu, wakati huo ana miaka 14, aende kwa mama yake mkubwa akasome huko mpaka amalize kidato cha nne. London ilikuwa imetushinda. Mwaka uliotangulia, 2021, vijana 30 ambao hawajafika hata miaka 20 walikuwa wameuawa katika jiji hili, wengi kwa visu, na idadi hiyo haijawahi kufikiwa kabla wala baada. Kituo anachoshukia mwanangu kilizungushiwa utepe wa polisi siku mbili nzima. Siku ya tatu utepe ukatolewa, watoto wakaendelea kupanga foleni palepale.

Dada naye alikuwa na yake. Panya road walikuwa wamerudi: makundi ya vijana wadogo, wengine hata ndevu hazijaota, wanaingia nyumba kwa nyumba usiku na mapanga na nondo, wanakata watu, wanaondoka na simu na televisheni. Kawe walikuwa wameua mwanafunzi wa chuo. Mkuu wa mkoa aliitisha mikutano, polisi walitangaza kuwaua watuhumiwa kadhaa, na mtaani kwa dada kina mama walianza kulala na watoto wao chumba kimoja. "Unamkwepesha kisu," aliniambia, "halafu unamleta kwenye panga."

Tiketi sikukata.

Familia nyingi za hapa zimewahi kufika kwenye uamuzi huo wa kumrudisha mtoto kwao, Wasomali, Wakongo, Wanigeria na sisi. Wengine wameuchukua. Februari 2025 Mahakama Kuu hapa London iliamua kwamba wazazi waliompeleka kijana wao shule ya bweni nchini Ghana, kwa kuogopa kwamba ameshaingia kwenye magenge, hawakuvunja sheria. Kijana alidanganywa kwamba wanakwenda kumtazama ndugu anayeumwa. Juni Mahakama ya Rufani ilikubali rufaa yake na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Niliposoma habari ile niliwaelewa wazazi, nikamwelewa na mtoto, na usiku huo sikulala vizuri. Ningeweza kuwa mimi yule mama anayeongopa kwenye uwanja wa ndege.

Kinachotusukuma kufanya hivyo ni imani moja: kwamba nyumbani ni salama, na kwamba zamani kulikuwa salama zaidi. Kwenye msiba mmoja hapa London, wanaume wamekaa upande wao na sisi jikoni tunapakua pilau, mzee mmoja alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwetu, "Sisi tulikuzwa na mtaa mzima. Mtoto alikuwa wa wote. Haya mambo ya kuchomana visu hatukuyajua." Wote tuliitikia, mimi pia, na mwiko mkononi. Nikiwa bado naitikia nikaikumbuka kandambili.

Nilikulia Temeke. Mwaka 1989 nilikuwa na miaka tisa, nimetumwa mafuta ya taa, mara nikasikia "Mwizi! Mwizi!" Watu wakatoka kila kona kama waliokuwa wakisubiri. Kibaka mwenyewe alikuwa kijana tu, labda miaka kumi na sita, mwembamba, shati limeshachanika begani. Walisema ameiba redio. Nilishikilia kibuyu changu cha plastiki nikabanwa ukutani na umati, ndiyo maana niliona. Niliona mawe na tofali. Mtu aliviringisha tairi, mwingine akauliza nani ana petroli. Hapo mama muuza maandazi alinivuta mkono akanifunika uso na kanga yake, na mengine niliyasikia tu. Waliokuwa pale si majambazi. Walikuwa baba za rafiki zangu, watu ambao asubuhi nilikuwa nimewaamkia shikamoo. Jioni maisha yaliendelea. Kandambili yake moja ya bluu ilibaki mtaroni, ikakaa siku nyingi, na sisi watoto tulikuwa tunaruka upande wa pili tukifika pale.

Tukisema zamani vijana hawakuuawa ovyo, yule tunamweka wapi? Sidhani kama jina lake liliandikwa popote. Huku mama aliyepoteza mtoto anasimama mbele ya kamera na picha mkononi, magazeti yanahesabu, bunge linaulizwa maswali. Kwetu aliyeuawa na "wananchi wenye hasira kali" hana muuaji, kwa hiyo hata mauaji hayapo. Na hofu ya Januari 2015, siku ambayo maeneo mengi ya Dar yalifunga maduka kwa tetesi kwamba panya road wanakuja, ilianza pale vijana walipotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na watu wenye hasira. Ukatili wa watoto tunausimulia sana. Ule wa watu wazima uliowatangulia tunauruka, kama tulivyokuwa tunairuka ile kandambili.

Wala woga wa kuwaogopa vijana si wa leo. Kabla ya panya road kulikuwa na Mbwa Mwitu, na kabla yao Komando Yosso. Nyuma zaidi, mwaka 1983, ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wasio na kazi wakawa wanakamatwa mitaani Dar es Salaam na kupakiwa kwenye malori kurudishwa vijijini. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imewafanyia hivyohivyo baba zao miaka ya hamsini, ikiwaita wahuni. Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya themanini watu waliona ujambazi na wizi wa ng'ombe umezidi, silaha zimezagaa baada ya vita vya Kagera, wakaunda Sungusungu wajilinde wenyewe. Watu hawaundi jeshi la mishale mahali penye amani. Na huku London, neno "hooligan" lilienea magazetini mwaka 1898 kwa ajili ya vijana wa jiji hili hili waliokuwa wakipigana na mikanda mitaani, na wazee wa wakati ule nao walisema enzi zao hayakuwapo.

Hata hivyo, siwezi kumwambia yule mzee wa msibani kwamba anasema uongo. Kuna kitu alikuwa nacho ambacho mwanangu hana. Mimi nilipotoka shule nilipita kwa mama muuza maandazi, kwa fundi baiskeli, kwa balozi wa nyumba kumi, na kila mmoja alijua ninakopaswa kuwa. Saa kumi ni madrasa. Baada ya hapo ni chandimu kwa wavulana na rede kwa sisi wasichana, mpaka magharibi. Ukionekana Mtoni wakati unatakiwa kuwa chuoni, habari inafika nyumbani kabla yako, na fimbo inakusubiri mlangoni.

Madaktari wa Royal London Hospital, pale Whitechapel, waliwahi kupitia kumbukumbu za vijana 1,824 wa chini ya miaka 25 waliofikishwa hospitalini kwao kwa majeraha ya visu kati ya 2004 na 2014. Walipowatenga wale wa chini ya miaka 16, waliona kwamba huchomwa zaidi jioni ya siku za shule, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, na karibu na kwao. Niliposoma matokeo hayo sikushangazwa na visu. Nilishangazwa na saa. Ni saa zilezile za madrasa na chandimu. Huku tangu 2010 halmashauri zimepunguziwa fedha na vituo vingi vya vijana vimefungwa, na sisi wazazi wahamiaji saa hizo tuko zamu, tunaogesha wazee wa watu, tunafagia ofisi, tunaendesha mabasi. Mtoto anatoka shule anakuta jiji la watu milioni tisa na hakuna hata mmoja anayejua jina lake.

Lakini hapo ndipo ninapomwacha mzee. Yule kibaka hakuwa wa mtaa wetu. Angekuwa wetu, mtu angemtambua, angeuliza "Huyu si mtoto wa fulani?", angechapwa na kupelekwa kwa baba yake. Macho yaleyale yaliyonilinda mimi ndiyo yaliyomuua. Usalama ule tunaoulilia ulikuwa wa wale waliojulikana, na gharama yake walilipa wasiojulikana. Mwanangu huku ni asiyejulikana. Polisi wamemsimamisha na kumpekua mara tatu, mara moja akiwa na begi la viatu vya mpira. Na mtoto wa dada kule Chanika, kijana wa rika lake, dada anamhofia mara mbili: akutane na panya road, au aonekane na wenzake kijiweni jioni, adhaniwe ni panya road.

Walioupunguza ukatili huu hawakurudi zamani. Glasgow, mji uliokuwa ukisifika kwa mauaji Ulaya nzima, polisi walianzisha kitengo maalumu mwaka 2005 wakaanza kuushughulikia ukatili kama maradhi yanayoambukiza. Fikra hiyo iliwafikia kutoka Marekani, kwa watu kama Gary Slutkin wa Chicago, daktari aliyefanya kazi kwenye kambi za wakimbizi Somalia na baadaye Uganda wakati wa UKIMWI, na ambaye aliporudi kwao aliona ramani ya risasi inafanana na ramani ya kipindupindu. Kwa hiyo somo lenyewe lilitoka kwetu kwa sehemu: huwezi kumaliza maambukizi kwa kumchoma moto mgonjwa. Unamtafuta, unamjua, unamtuma mtu anayemsikiliza. Scotland nzima waliuawa watu zaidi ya 130 mwaka 2004/05. Mwaka 2023/24 walikuwa 57. London nayo, ambayo 2021 ilizika vijana 30, mwaka 2024 ilizika 10. Kumi ni wengi mno kwa mama zao, nalijua hilo. Ila mtu akiniambia dunia inazidi kuharibika tu, siku hizi simwitikii.

Mwanangu sasa ana miaka 17. Nilibadilisha zamu, naingia saa kumi na moja alfajiri ili saa kumi jioni niwe kituoni. Mwanzo alinionea aibu, akawa anasimama mbali na mimi. Sasa wenzake wawili watatu hunisalimu, mmoja wao Mkongo ananiita mama, na nimeshajua yupi anaishi na bibi yake na yupi jioni hana pa kwenda.

Kiangazi, saa kumi ya huku ni saa kumi na mbili ya kule. Huo ndio muda wangu wa kumpigia dada. Yeye anakuwa ukumbini ameshika kufuli, mimi natazama mabasi. Hatuongei mengi. Namsikia akimwita kijana wake kwa jina zima, nasikia ndala zikikokota uani.

"Wako kaingia?" ananiuliza.

"Bado. Basi ndiyo linakata kona."

"Haya, nasubiri na mimi," anasema, na simu haikati.