Nilivyofuga Wadudu wa Gugu Maji

Nilisomea pamba. Nilitoka chuo cha Ukiriguru na cheti, nikapewa baiskeli, na miaka yangu ya mwanzo kazini niliimalizia katika vijiji vya Shinyanga, kuanzia kwetu Tinde hadi mbuga za Kishapu, nikiwahimiza wakulima kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno ili funza asipate pa kujificha. Maji tuliyoyajua huko kwetu yalikuwa ya lambo, ya kuchimba kwenye mchanga wa mto mkavu, na kwa watu wa mjini ya bwawa la Ning'hwa. Kwa hiyo barua ya uhamisho ilipokuja katikati ya miaka ya 1990 ikinipeleka Geita, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, nilidhani nakwenda kwenye pamba nyingine. Kumbe nakwenda ziwani, kwenye gugu maji.

Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini, katika bonde la Mto Amazon. Watu walilisafirisha duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau, wakalipanda kwenye mabwawa ya bustani, nalo likawatoroka. Hapa Tanzania lilionekana kwanza Mto Sigi mwaka 1955, kisha Pangani. Ziwa Victoria lililifikia mwishoni mwa miaka ya 1980 likiletwa na Mto Kagera kutoka nyanda za juu za Rwanda. Maji ya ziwa yalikuwa yameshanona kwa mbolea, udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi kingoni, na maji machafu ya miji. Katika maji ya namna hiyo gugu huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 katika ziwa zima.

Takwimu hiyo sikuihitaji kujua ukubwa wa shida. Katika mialo ya Ghuba ya Emin Pasha na upande wa Nkome niliona mitumbwi ikikaa nchi kavu siku nzima kwa sababu upepo umelisukuma gugu ufukweni na hakuna kasia linaloweza kulipenya. Kina mama walilitenganisha kwa mikono ili wapate nafasi ya kuchota ndoo moja. Chini ya zulia lile hewa ya maji huisha: sangara hukimbia, wakabaki mumi na kamongo wanaovumilia maji mazito. Konokono wa kichocho walijishikiza kwenye mizizi, na watoto waliingia humo humo kuoga. Wanakijiji walikuwa wakilitoa kwa reki, uma na mapanga, wakilirundika pwani likauke. Wakilala, upepo ukigeuka, asubuhi mwalo umejaa tena.

Mradi wa usimamizi wa mazingira ya Ziwa Victoria, ule tuliozoea kuuita LVEMP, ulianza 1997 kwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Ndani yake palikuwa na kazi ya kudhibiti gugu kwa wadudu, na hiyo ndiyo niliyopangiwa. Kulikuwa na watu waliotaka dawa ya kuua magugu ipulizwe. Nilipinga kila niliposikilizwa, na bado napinga. Watu wa mialo wanakunywa maji yale yale. Na mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa letu kwa habari za uvuvi wa sumu, tuliona jinsi viwanda vya minofu vinavyoweza kusimama ghafla, na kijana aliyekuwa akibeba samaki mwaloni akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wadudu wenyewe ni mbawakavu wadogo wa jenasi ya Neochetina, wa aina mbili, eichhorniae na bruchi. Ukimweka mmoja kiganjani hukunja miguu na kujifanya amekufa. Ukitulia kidogo, hunyoosha mdomo wake mrefu uliopinda na kuanza kutembea. Hana urefu wa kuzidi milimita tano. Eichhorniae ana mistari miwili myeusi mgongoni. Bruchi ana alama ya rangi ya udongo iliyokaa kama mwezi mwandamo. Mkubwa hula ngozi ya jani usiku na kuacha vidonda vidogo vya pembe nne, na jani likiwa na vidonda vingi hukauka kutoka ncha. Lakini kazi kubwa hufanywa na mtoto wake. Jike hutaga ndani ya kikonyo, funza akiangua hutoboa kuteremka hadi kwenye kitovu cha mmea, na kwenye matundu yake maji huingia. Kile kikonyo kilichovimba hewa, kinacholifanya gugu lielee, hujaa maji na kuoza. Baada ya kula, funza hushuka kwenye mizizi, hujifungia kifuko kwa nywele za mizizi, na kutoka akiwa mbawakavu.

Tuliwafuga kwenye matangi: maji, samadi kidogo, gugu lenye afya, na wadudu wa kuanzia waliotoka kwenye vituo vilivyotangulia, kama kile cha Kibaha. Kuwakusanya ilikuwa kuzamisha mimea ndani ya maji hadi wapande juu kutafuta hewa. Tuliwaokota kwa mkono, tukawaweka kwenye makopo yenye majani mabichi na kifuniko cha chandarua, kisha safari ya mtumbwi hadi katikati ya zulia.

Kabla ya kuwaachia ilibidi tuzungumze na wenyeji, na hapo ndipo nilipokutana na swali zito kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini. Katika mwalo mmoja wa huko Nkome, mzee aliyekuwa amekaa kimya mkutano mzima alisimama. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulikula furu hapa. Serikali ya mkoloni ikatuletea sangara, ikasema ni samaki mkubwa, ana faida. Faida tumeiona, furu hatuwaoni. Leo unatuletea wadudu. Wakimaliza hilo gugu watakula nini? Si watapanda kwenye pamba yetu?"

Hakuwa mtu wa kubezwa. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafuta furu wa aina nyingi mno, aina ambazo hazikuwepo popote pengine duniani. Mzee yule aliongea kwa ushahidi wa kinywa chake. Tofauti ambayo nilipaswa kumweleza ni kwamba sangara hula kila kinachoogelea, na alipandikizwa bila kupimwa. Mbawakavu hawa walijaribiwa kwa miaka kwenye mimea mingi kabla ya kuanza kuachiwa Florida mwaka 1972, na wanalitegemea gugu maji kumaliza maisha yao.

Maneno hayakutosha, nami sikutegemea yatoshe. Niliomba chupa za maandazi kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Kwenye moja tukaweka majani ya pamba na wadudu, nyingine muhogo, nyingine mchicha, ya mwisho gugu. Chupa zikakaa nyumbani kwa mzee, si kwangu, ufunguo wa chumba anao yeye. Niliporudi wiki iliyofuata majani ya pamba yalikuwa yamenyauka bila kutobolewa, na wadudu wake walikuwa wamelegea na wengine wamekufa. Ya gugu yalikuwa yametobolewa kama chujio. Mzee ndiye aliyewaita wenzake waje kuona. Siku ya kuachia wadudu alipanda mtumbwi pamoja nasi na kulikung'uta kopo la kwanza kwa mkono wake.

Kisha tukasubiri, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo wakubwa hawaipendi. Mbawakavu wanahitaji miaka mitatu hadi mitano wazaliane wawe jeshi. Wageni walikuja, wakatazama kijani kibichi hadi upeo wa macho, wakauliza fedha zimefanya nini. Niliwaonyesha majani yenye vidonda, mimea ya pembezoni iliyodumaa, maua yaliyopungua. Kuelekea mwaka 2000 mazulia yalianza kugeuka rangi ya kahawia, yakakatika vipande, yakazama. Wapo wataalamu wanaosema sifa ni ya mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Mimi nilikuwepo pale, na ninaamini vyote viwili vilifanya kazi: mawimbi yaliupiga mmea ambao funza walikuwa wameshautoboa.

Awamu ile ya mradi ilikwisha 2005. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilishindwa hata kulipia maji ya kujaza matangi, na wadudu wakafa ndani ya matangi makavu. Mbegu za gugu, kwa upande wake, hulala kwenye tope miaka mingi, hadi ishirini, zikingoja maji yashuke na jua lizifikie. Na Kagera haikuacha kuleta mimea mipya. Juu huko ni baridi na maji yanakimbia, mbawakavu hawazaliani vizuri, kwa hiyo mto ule unahitaji watu wa kulitoa gugu kwa mikono na mashine kabla halijafika ziwani, mwaka hadi mwaka, pawe na mradi au pasiwe. Nililisema hili katika kila taarifa niliyoandika.

Geita nayo ilibadilika machoni pangu. Mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wakajaa Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu na makarasha yao ya kusagia mawe. Yakaja pia mawazo ya kuligeuza gugu kuwa mali: mbolea, vikapu, mkaa, chakula cha ng'ombe. Vikapu sina ugomvi navyo. Lakini gugu hunyonya metali nzito na kuzihifadhi, hasa kwenye mizizi, zikiwemo zebaki, risasi na kadimiamu. Mahali ambapo watu wanakamatia dhahabu kwa zebaki na marudio, yaani mchanga uliokwisha kusafishwa dhahabu, yanasombwa na mvua hadi kwenye vijito, kulilisha gugu la hapo kwa ng'ombe ni kuirudisha zebaki kwenye maziwa ya mtoto. Kikundi kimoja kilipokuja na mpango wa malisho niliukataa kwa maandishi hadi sampuli zipimwe, na wafugaji wenyewe waliposikia sababu hawakunilaumu.

Mwaka 2009 maji ya ziwa yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Ndugu zangu walinipigia simu kwa furaha, na nilifurahi nao kweli kweli; nimebeba maji ya lambo utotoni, najua ladha yake. Tangu hapo yanayotokea ziwani yanaingia kwenye ndoo ya nyumbani kwetu. Wakati huohuo nilianza kukagua matenga ya samaki yanayopanda magari kwenda Kahama, kwa sababu wachuuzi walikuwa wakiyafunika kwa majani ya gugu ili samaki wasikauke. Kipande kimoja chenye chipukizi kikitupwa kwenye lambo la Kishapu kinatosha kulimaliza. Niliwaomba watumie majani ya migomba, na wengi walikubali, maana wao pia wana ng'ombe.

Nilistaafu 2024. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata magugu yalikwamisha vivuko vya Kigongo na Busisi, wakati daraja la kilomita tatu linakaribia kukamilika pale juu. Safari hii lilikuwepo gugu lingine pia, salvinia, lenye majani madogo yaliyojaa vinyweleo kwa juu, asili yake Brazili. Mbawakavu wetu hawaligusi. Salvinia ina mbawakavu wake, Cyrtobagous salviniae, ambaye ameisafisha mito na maziwa Australia, Papua Guinea Mpya na nchi kadhaa za Afrika, na ni yeye anayepaswa kufugwa hapa kwetu, kwa vipimo na kwa ridhaa ya wenyeji kama tulivyofanya Nkome.

Vijana wa kikundi cha ulinzi wa mwalo waliniita niwafundishe kutofautisha magugu hayo mawili, nikaenda. Wana matangi mawili, wameyaweka kivulini, na mmoja wao ni mjukuu wa mzee wa chupa. Tumekubaliana samadi itoke kwa jirani mwenye ng'ombe, maji yabadilishwe kila Jumapili, na daftari la hesabu ya wadudu likae kwa katibu, ambaye ni binti.